Jukwaa la Joe Lark

Osage Bend, Iowa
Machi 6, 1961

Mheshimiwa Mchungaji Stromquist,

Hunijui, na naomba radhi kwa kukusumbua. Naitwa Arlys Tesar. Nilimaliza shule mwaka jana, na sasa nafanya kazi katika ofisi ya klabu yetu ya besiboli, Wafyatua Tofali wa Osage Bend. Nakata tiketi, napokea simu, naandika barua. Simu naiogopa, kwa hiyo barua naziandika nyingi.

Mwaka huu klabu inatimiza miaka hamsini. Bwana Buckwalter, katibu wetu, ambaye riziki yake hasa ni duka la chakula cha mifugo, ameniagiza niandike kijitabu cha historia. Nilimwambia siwezi. Akasema, "Arlys, wewe huongei. Mtu asiyeongea ana muda wa kuandika. Kaa chini."

Nimekaa chini. Mpaka sasa nimejua kwamba uwanja wetu ulianza kama malisho ya mbuzi wa kiwanda cha matofali, na kwamba mbuzi hawakuhamishwa, walisogezwa tu. Nimejua kwamba timu ilivunjika mwaka 1932 kwa ukata, ikafufuliwa na wake za wafanyakazi wa kiwanda. Wakati wa vita, vijana walipokwisha mjini, mrushaji wetu alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye mvi, na alishinda mechi zaidi ya alizoshindwa. Ligi yetu ni ndogo. Hakuna ligi iliyo chini yake. Lakini sijui mji wa ukubwa wetu wenye historia nzuri kuliko hii, na natamani kuiandika vizuri.

Nimekwama kwa Joe Lark.

Hapa kila mtoto anamjua. Jumapili ya mwisho ya msimu wa 1925, tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja dhidi ya timu ya mji wa Marlow. Mpira ukapigwa juu kabisa upande wa kushoto, ambako siku hizo hakukuwa na uzio ila shimo la udongo la kiwanda. Joe Lark akaukimbilia, akapiga mbizi shimoni, kisha akatokea mwekundu kichwa hadi miguu, mpira umo ndani ya glovu, na mpigaji wao wa mwisho akawa ametoka. Ndio ubingwa pekee tuliowahi kuupata. Kesho yake Lark hakuonekana tena, wala hajaonekana hadi leo. Jukwaa la upande wa kushoto lina jina lake.

Nimewaandikia watu kumi na mmoja wa ukoo wa Lark. Hakuna anayemjua. Ila Bi. Hruska, aliyekuwa akiwapangisha wachezaji nyumbani kwake, anakumbuka kwamba majira yale vilikuwa vikija vifurushi vya mikate ya iliki kutoka Lindby, Nebraska, vilivyoandikiwa mpokeaji E. Stromquist. Lark ndiye aliyekuwa akivipokea. Alisema ni vya rafiki yake, atamfikishia. Bi. Hruska anasema rafiki huyo lazima alikuwa mkarimu sana, maana kila mara Joe alirudi na makombo mdomoni.

Posta ya Lindby wamenielekeza kwako. Je, rafiki huyo ni wewe? Kama ndiwe, tafadhali niambie chochote unachokumbuka.

Wako kwa heshima,
Arlys Tesar


Lindby, Nebraska
Machi 14, 1961

Binti Tesar,

Barua yako ilinikuta nikiandaa mahubiri, na mahubiri yameharibika.

Ndiyo, nilimfahamu Joe Lark. Nilimfahamu kwa karibu, ingawa sikumkubali sana. Mchezaji alikuwa wa kawaida. Mbio alikuwa nazo, gongo la kupigia mpira hakuliweza. Kila aliporushiwa mpira wa kupinda alilizungusha kama mtu anayefukuza nyuki.

Kwa kuwa unataka historia, basi tuiweke sawa. Hakupiga mbizi. Aliteleza. Alikuwa anautazama mpira, hakutazama chini, na ukingo wa shimo ulikuwa umelowa. Mpira ulimkuta yeye, si yeye aliyeukuta. Alipoinuka hakujua kama ameudaka. Alitaka kufuta udongo machoni kwa mkono wenye glovu, akajigonga pua na mpira, ndipo akajua. Watu walishangilia damu ile wakidhani ni udongo.

Jambo jingine. Unapoteza stempu kuwaandikia watu wa ukoo wa Lark. Siku zile nusu ya majina katika magazeti ya ligi ndogo yalikuwa ya kuazima. Mmoja alikuwa mwanachuo na chuo kikimkataza kucheza kwa malipo. Mwingine ana mkataba na timu nyingine. Mwingine amemkimbia mke. Meneja alikuuliza, "Leo unaitwa nani?" ukamjibu, akaandika. Hakuna aliyeona ajabu.

Mwambie Bi. Hruska kwamba mikate ilimfikia mwenyewe. Na tafadhali usinitaje jina katika kijitabu chako.

Mungu akubariki,
E. Stromquist


Osage Bend
Machi 20, 1961

Mheshimiwa Mchungaji,

Asante sana! Nimesoma barua yako mara nyingi. Bwana Buckwalter alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Aliteleza? Toa hiyo." Sitaitoa. Mtu aliyeteleza akadaka ananipendeza kuliko aliyepiga mbizi.

Jina lako sitaliandika. Lakini naomba nikuulize, ulikuwa umekaa upande gani? Nimezungumza na watu tisa waliokuwapo, na hakuna aliyenitajia lile la pua.

Sasa nakueleza shida yangu yote, kwa sababu muda ni mfupi. Tunaye bwana mmoja hapa, Delbert Vance, anauza magari. Amejitolea kuweka taa mpya ili tucheze usiku, maana siku hizi watu wanabaki nyumbani na televisheni, na viti vinabaki vitupu. Anachotaka ni jina lake kwenye jukwaa la kushoto. Bwana Buckwalter alimwambia lina jina tayari. Vance akasema, "La nani? La mtu ambaye hakuzaliwa?" Aliiandikia ofisi ya ligi, wakamjibu hawana rekodi ya Joe Lark yeyote. Anasema mhariri wa gazeti alimtunga ili auze nakala.

Halmashauri ya mji itakaa Aprili 11 na kuamua. Nimeombwa nipeleke ushahidi kwamba Lark alikuwa mtu wa kweli. Sina kitu, Mchungaji. Bango lenye jina hilo likishushwa, ubingwa wetu nao utakuwa hadithi ya kubuni, na wazee waliouona kwa macho yao wataonekana waongo au wajinga. Babu yangu ni mmoja wao.

Kama Lark yuko hai, niambie alipo. Kama amekufa, niambie alipozikwa. Kaburi lingetosha. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Arlys Tesar


Lindby
Machi 27, 1961

Binti yangu Arlys,

Kaburi sina. Mtu ninaye.

Nilidhani umenigundua na unanizunguka kwa adabu. Nimeisoma tena barua yako ya mwisho, nimeona kwamba hunizunguki kabisa. Unauliza kweli nilikuwa nimekaa upande gani. Nilikuwa shimoni, binti yangu.

Sikiliza, kisha ulifunge hili moyoni. Baba yangu alikuwa mchungaji wa kanisa hilihili ninaloliongoza leo. Kwetu Jumapili nguo hazikufuliwa wala hazikupigwa pasi. Kucheza mpira kwa malipo siku ya Bwana, mbele ya watu wanaokunywa bia, kulikuwa dhambi yenye mlango wake wa kuingilia motoni. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikwenda Osage Bend kufyatua matofali, na kweli niliyafyatua, kila asubuhi, kama wachezaji wenzangu. Nyumbani niliandika habari za matofali. Habari za mchana sikuandika. Mama alinionea huruma kwa kazi ngumu, akatuma mikate.

Ile Jumatatu niliondoka kwa sababu gazeti lilitaka kunipiga picha.

Baba alifariki bila kujua. Mama ana miaka sabini na minane, anaishi nasi. Anasikiliza besiboli redioni siku sita za juma, anawatukana waamuzi kwa Kiswidi, na Jumapili anaifunika redio kwa kitambaa. Na mimi, kutoka mimbari ya baba, nimewakataza vijana wa hapa kucheza Jumapili kwa miaka ishirini na mitatu. Niliposimama kuwakataza sikuwa mnafiki. Ninaamini ninachokisema. Lakini mpira ule niliudaka, na hakuna siku nimejutia kuudaka. Yote mawili ni kweli, na sijapata mahubiri ya kuyaweka pamoja.

Kwa hiyo siwezi kukusaidia. Mama akijua, meza yetu haitakuwa ileile. Najua ninachokuomba. Umepata ulichokitafuta, nami nakuomba usikitumie.

Everett Stromquist


Osage Bend
Aprili 12, 1961

Mheshimiwa Mchungaji,

Sikukitumia. Naanza na hilo ili usome mengine kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimevaa gauni la mahafali kwa sababu sina jingine la heshima. Nilisoma kurasa zangu kuhusu mbuzi, wake za wafanyakazi na mwalimu wa hesabu, nikiwa nimeinamia karatasi, mpaka mtu akapaza sauti nyuma, "Ongeza sauti, binti, mbuzi wenyewe hawasikii!" Wakacheka. Nikaongeza.

Nilipofika kwa Lark nilieleza habari za majina ya kuazima. Bwana Vance akasimama. Si mtu mbaya, Mchungaji, ana furaha nyingi tu na sauti kubwa.

"Vizuri sana," akasema. "Kwa hiyo hata wewe unakubali hakuna Joe Lark."

"Yupo aliyeitwa hivyo."

"Unamjua?"

"Namjua."

"Jina lake la kweli?"

"Siwezi kusema."

"Anaishi wapi?"

"Siwezi kusema."

"Haya, ana mguu mmoja au miwili? Au hilo nalo siri?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Shuleni ningetoka nje nikajifungia chooni. Jana sikutoka. Nilisema, "Ana miwili, na mmoja uliteleza." Nikawaeleza ukingo uliolowa, mpira uliomkuta, na pua. Nilisema nimeelezwa na mtu aliyekuwa karibu kuliko wote, na kwamba ameniomba nisimtaje, na mimi nimekubali, na kama neno langu halitoshi basi ndilo nililo nalo.

Babu yangu akasimama. Hakuna aliyemwita. Akasema, "Ni kweli. Nilimpa leso yangu. Ilirudi na damu." Sikuwahi kusikia hilo maishani mwangu! Bi. Hruska naye akasimama, akamwambia Vance, "Delbert, nilikufuta kamasi ukiwa na urefu huu. Unasema niliyempikia hakuwapo?"

Tulishindwa kwa kura nne dhidi ya tatu. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba mji hauwezi kulitunza jina lisilo na mtu. Bango litashushwa kabla ya mechi ya ufunguzi, Mei 21.

Bwana Buckwalter alinisindikiza nyumbani. Akasema, "Unamjua kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na ungeweza kushinda kwa neno moja?" Nikasema ndiyo. Tulipofika mlangoni akasema, "Kesho njoo saa mbili, si saa tatu. Kijitabu ni chako, sitagusa kitu."

Sikuandikii ili ubadili mawazo. Nimekuandikia kwa sababu ni wewe peke yako ninayeweza kumwambia yote. Sura ya Lark itabaki, bila jina lako. Wakitaka kuitoa, watoe na jina langu mimi.

Arlys


Lindby
Aprili 24, 1961

Arlys,

Barua yako iliniweka chini kama mtu aliyepigwa na mpira tumboni. Binti aliyemaliza shule mwaka jana anasimama mbele ya mji wake na kuchekwa ili mama yangu asinikasirikie. Nilijiuliza, mimi mwenye miaka hamsini na sita naogopa nini?

Nilimwambia mama Alhamisi, mezani. Aliweka kijiko chini.

"Jumapili ngapi?"

"Zote za majira yale, Mama."

"Na mikate yangu nilikuwa nakutumia."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaila ukaenda kucheza."

"Ndiyo."

Akaondoka mezani. Si kelele, si machozi. Tangu siku hiyo ananimiminia kahawa akitazama dirisha. Mke wangu anasema itapita. Sijui. Niliogopa jambo hili kwa miaka thelathini na sita, nami nakwambia kwa uaminifu, ni zito sawasawa na nilivyolidhania. Lakini nimelibeba, na bado natembea.

Jana niliwaambia waumini kanisani. Sikuomba wanisifu wala wanihurumie. Nilisema Jumapili ninawahimiza waiheshimu, na ninasema hivyo nikijua ladha ya kutoiheshimu, kwa sababu nilishinda ubingwa. Familia mbili zilitoka. Vijana wote walibaki, hata wale ambao huwa wanalala.

Nimemwandikia Bwana Buckwalter na halmashauri, jina langu, tarehe, kila kitu. Nimewaandikia pia kwamba binti waliyemcheka alikuwa na jibu mfukoni usiku kucha na hakulitoa, na kwamba mji wenye mwandishi kama huyo ujitahidi usimpoteze.

Kijitabu andika lolote. Umefunguliwa.

Everett Stromquist


Osage Bend
Mei 3, 1961

Mpendwa Mchungaji,

Bwana Buckwalter alisoma barua yako mbele ya halmashauri yote, akasimama kwenye kiti ili asikike, ingawa yeye husikika hata akikaa. Bango limebaki, kura saba kwa sifuri. Bwana Vance alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Taa atazileta vilevile. Tumekubaliana nguzo ziwe na jina lake, naye anasema ni bora zaidi, maana usiku watu watatazama juu. Kisha akanijia mlangoni, akavua kofia. "Binti Tesar," akasema, "nikitaka kuficha kitu nitakuletea wewe."

Lakini kuna jambo. Sasa wanataka kulipaka bango upya liandikwe jina lako la kweli. Mwenyekiti anasema kwa kuwa mtu amepatikana, haki yake apewe. Mchoraji yuko tayari. Tena wanataka uje ulizindue siku ya ufunguzi, Mei 21, ambayo ni Jumapili. Hawakufikiri. Nilinyoosha mkono nikasema hakuna atakayegusa bango mpaka mwenyewe aulizwe, wala siku haitapangwa bila yeye. Wakakubali! Kisha nikakaa.

Mimi nina maoni yangu kuhusu jina, lakini sikuambii. Nataka kusikia yako kwanza.

Samahani sana kuhusu mama yako. Nilitafuta maneno mazuri, nikaona yote ni ya kadi za posta. Samahani tu.

Arlys Tesar


Lindby
Mei 9, 1961

Mpendwa Arlys,

Mchoraji akunje ngazi yake. Everett Stromquist hajawahi kudaka kitu chochote Osage Bend. Majira yale alikuwa kiwandani akifyatua matofali, na barua alizotuma nyumbani zinathibitisha. Walichokiona babu yako na Bi. Hruska kilifanywa na kijana mwingine, ambaye kwa miezi mitatu hakuwa mtoto wa mchungaji wala hakuwa na mimbari inayomsubiri. Alikuwa na mbio na pua ya bahati mbaya. Mji ulimpigia makofi yeye, na mji haukukosea. Katika kijitabu eleza ukweli wote, mimi nitakisimamia. Kule juu jukwaani mwache yeye.

Jumapili siji. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 20, timu ikiwa mazoezini. Hakuna hotuba. Nataka kusimama upande wa kushoto kidogo, kisha ninunuliwe kahawa na mwandishi wenu.

Tutakuwa wawili. Jana asubuhi, baada ya siku kumi na nane, mama aliniangalia akinimiminia kahawa. Akasema anataka kuona kwa macho yake mahali nilipotendea dhambi, na kama pana kivuli. Hajanisamehe, amenieleza hivyo waziwazi. Kisha akauliza ule mpira ulinipiga pua upande upi, na nilipomwonyesha alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akapatazama pale pua ilipopinda, akasema, "Nilidhani ni tofali."

Naona ulikuwa unangoja jibu kuhusu jina. Nimelipeleka kwa halmashauri leo, kwa mwandiko wangu, na wewe nakuandikia vilevile.

Wako daima,
Joe Lark